Michoro Mizito Haiponi kwa Kompyuta Mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wataalamu wetu wa majengo, na hasa wakubwa wanaoidhinisha manunuzi ya ofisi zao.

Siku hizi ramani ya jengo kubwa haichorwi tena na mtu mmoja juu ya karatasi. Huchorwa katika kompyuta, kwa programu kama Revit, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 2002. Jengo zima hukaa katika faili kuu moja. Msanifu, mhandisi na mtu wa umeme kila mmoja huchukua nakala yake, hufanya kazi, kisha hupeleka mabadiliko yake kwenye faili kuu na kupokea ya wenzake. Ni ujamaa hasa. Lakini faili hiyo ikinenepa, ofisi nzima hukaa mikono kifuani ikingoja ifunguke.

Sisi wa vijijini jambo hili linatuhusu. Wananchi hapa walikwisha kusomba mawe na mchanga wa madarasa mawili, tukaomba mchoro urekebishwe kidogo kwa sababu kiwanja kina mteremko. Tulingoja majuma matatu. Nilipofuatilia nikaambiwa kompyuta zimezidiwa na ofisi imeomba fedha za mpya. Bahati njema mchoraji mmoja alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, akanionyesha. Madarasa, zahanati, nyumba za walimu, vyoo, vyote vimerundikwa ndani ya faili moja! Ukitaka kugusa choo cha shule, shurti zahanati zote zifunguke kwanza.

Kijana huyo anazijua dawa zake, ila hakuna aliyemwuliza. Ya kwanza ni kugawa. Kila jengo liwe na faili yake, na faili hizo ziunganishwe tu pale zinapotakiwa kuonekana pamoja. Hata ndani ya jengo moja kazi hugawanywa mafungu, na anayechora mabomba hana haja ya kufungua fungu la viti na makabati.

Ya pili ni kufagia. Wachoraji hupenda kuokota milango, masinki na samani zilizochorwa tayari, zenye mapambo mengi, wakajaribu tatu na kutumia moja. Zile mbili hubaki ndani zikila nafasi. Programu yenyewe ina amri ya kuondoa visivyotumika na nyingine ya kubana faili, lakini watu hawazitumii. Tena kuna michoro ya zamani inayomwagwa ndani mizimamizima badala ya kuunganishwa kwa nje, na yale maonyo ambayo programu hutoa kuta zinapopandana. Mchoraji huyafunga bila kuyasoma, hata yanafika mamia, na kila moja linaongeza kazi ya kompyuta. Mimi mtoto akifanya hivyo na masahihisho yangu ya daftari namrudisha akae upya.

Ya tatu ni utaratibu wa watu. Kila asubuhi mtu achukue nakala mpya, asiendelee na ya juma lililopita. Wasipeleke mabadiliko wote kwa dakika moja saa ya kutoka kazini. Na wote watumie toleo moja la programu, kwani faili ikishapandishwa toleo jipya, la zamani haliwezi kuifungua tena.

Sisemi kompyuta mpya hazihitajiki kamwe. Watengenezaji wenyewe wamewahi kuelekeza kwamba faili yaweza kuhitaji kumbukumbu hadi mara 20 ya ukubwa wake, yaani faili ya MB 300 ikataka GB 6. Kwa majengo kama ya wizara pale Mtumba, Dodoma, mashine dhaifu haifai. Lakini kazi nyingi za Revit hupita katika kiini kimoja tu cha kichakato, hivyo mashine ya bei kubwa yenye viini vingi yaweza isikufae kitu.

Sisi wa upande huu wa Nachingwea tunalo la kukumbuka. Mwaka 1947 Waingereza waliingiza matrekta makubwa nchini kwa mpango wao wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, bila kuijua ardhi wala mvua yake. Mwaka 1951 wakauacha, na fedha zimekwisha.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa, kabla hawajatia sahihi maombi ya kompyuta, wamwite mchoraji mwenyewe na kumwuliza: faili ina ukubwa gani, ina maonyo mangapi, na ilifagiwa lini?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nanganga, Lindi.