Maji ya Rejeta Yanapopotea: Namna ya Kutafuta Uvujaji Katika Motokaa Iliyozeeka

Asubuhi na mapema, kabla msururu wa magari haujaziba barabara ya Waiyaki Way, mpita njia katika mtaa wa Mountain View, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, hakosi kumwona mtu mmoja au wawili wameinua boneti za motokaa zao, kila mmoja ana chupa ya maji mkononi. Hufungua kifuniko cha rejeta, humimina, hufunga, kisha huyo, aenda zake kazini. Akiulizwa hujibu, "Motokaa yangu hunywa maji kidogo, lakini ni nzima."

Twapenda kueleza leo ya kuwa hakuna motokaa nzima inywayo maji. Maji ya injini si kama petroli ambayo huungua ikaisha. Yalitiwa yazunguke humo ndani, yachukue joto na kulitoa nje, kisha yarudi tena kazini. Yakipungua siku kwa siku, basi pana mahali yanapotokea, na mahali hapo hapana budi patafutwe.

Mfano wa mwalimu mmoja

Jirani mmoja wa mtaa huo, mwalimu wa shule ya msingi, ana motokaa iliyoundwa Japani mwaka 1996. Siku za Jumamosi huitumia kuleta mboga na mayai kutoka soko la Wangige, navyo mkewe huviuza Kangemi. Kwa mapato hayo watoto wao hulipiwa karo. Kwa muda wa miezi miwili mwalimu huyo alikuwa akiongeza maji kila siku. Fundi wa kwanza alimwambia rejeta imeoza. Akaenda barabara ya Kirinyaga Road, ambayo watu wengi hata sasa huiita Grogan, akanunua rejeta nyingine iliyokwisha kutumika. Maji yakazidi kupotea. Fundi wa pili akasema ya kuwa gasketi ya hedi imeungua na injini yote lazima ifunguliwe. Gharama aliyotajiwa ilikaribia bei ya motokaa yenyewe, naye akaanza kufikiri kuiuza kama chuma chakavu.

Mafundi wale wawili hawakuwa wezi. Kosa lao ni kwamba walikisia, wala hawakupima. Tutaona baadaye mwisho wa shauri hili. Lakini kwanza yafaa kujua kazi ya maji yale.

Kazi ya maji katika injini

Petroli inapoungua, sehemu yake ndogo tu hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha magurudumu. Sehemu kubwa ni joto. Baadhi ya joto hilo hutoka kwa bomba la moshi, na kadiri ya thuluthi moja ya nguvu yote ya petroli huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji kupita katika njia zilizozunguka silinda na hedi. Yakifika joto la digrii 82 hivi hadi 88 za Sentigredi, kifaa kiitwacho thamostati hufunguka na kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta, ambako upepo na feni huyapoza. Kisha hurudi injini, na mzunguko huanza upya.

Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi zaidi ya kuziba. Kina springi na mpira wa kuzuia mvuke, nacho huweka maji chini ya mkandamizo. Maji yaliyokandamizwa huchelewa kuchemka. Jambo hili ni kubwa zaidi kwetu sisi wa nyanda za juu kuliko kwa ndugu zetu wa Mombasa. Huko pwani maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,700, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwa digrii 94 au 95 tu. Na Limuru, zaidi ya meta 2,200, huchemka mapema zaidi. Kifuniko kizima hupandisha kipimo hicho hata kupita digrii 110. Kifuniko kibovu huiacha injini ifanye kazi karibu sana na mpaka wa kuchemka, na mteremko wa asubuhi ukigeuka kuwa mlima wa jioni, maji huchemka na kumwagika. Basi mtu asistaajabu akiona motokaa ni shwari mjini lakini yatoka mvuke inapopanda kuelekea Limuru.

Namna ya kutafuta

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla ya kuiwasha. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyo chini ya mkandamizo hulipuka mara kifuniko kilegeapo, na watu wengi wameunguzwa uso na mikono kwa haraka ya dakika moja.

Kwanza, hakikisha kiasi cha maji yanayopotea. Jaza rejeta, kisha tia alama kwa kalamu kwenye tanki dogo la akiba. Andika tarehe na maili au kilometa ulizokwenda. Baada ya siku tatu utajua kama ni kikombe kimoja kwa juma au ni chupa nzima kwa siku.

Pili, tandaza kipande kikubwa cha karatasi ngumu ya sanduku chini ya injini usiku. Asubuhi tazama matone yameangukia wapi na ni ya rangi gani. Maji yenye dawa ya kupozea, ambayo madukani huitwa kulanti, huwa ya kijani, mekundu au ya rangi ya waridi, nayo yateleza kidogo vidoleni. Matone meusi au ya kahawia yenye mafuta ni ya injini au gia, na hayo ni shauri jingine. Maji safi yasiyo na rangi wala harufu, yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kipoza hewa, si hatari.

Tatu, fuata nyayo. Maji yavujayo juu ya chuma cha moto hukauka kabla hayajafika chini, kwa hiyo karatasi yaweza kuwa kavu na hali maji yanapotea. Lakini huacha alama: utando mweupe, wa kijani au wa kutu. Chukua tochi, ukague kila mpira wa maji, hasa pale unapobanwa kwa kibano. Ubonyeze kwa vidole. Mpira uliolegea kama ndizi mbivu au uliopasuka-pasuka umekwisha maisha yake. Kagua maungio ya rejeta juu na chini, mipira myembamba iendayo kwenye hita, na vizibo vya bati vilivyo ubavuni mwa injini. Mwisho, kagua pampu ya maji. Chini ya pampu kuna tundu dogo lililowekwa makusudi na watengenezaji, ili mpira wa ndani ukichakaa maji yatokee hapo na kumwonya mwenye motokaa.

Nne, tazama mpira wa kifuniko. Ukiwa mgumu au umekatika, nunua kingine chenye nambari ile ile ya mkandamizo iliyoandikwa juu yake.

Tano, ikiwa hujaona kitu, mwendee fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia mkandamizo. Huifunga mahali pa kifuniko na kusukuma hewa mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko, ambacho katika motokaa nyingi ni paundi 13 hivi kwa kila inchi ya mraba, asizidishe. Kisha husubiri robo saa. Mshale ukisimama pale pale, mfumo ni mzima. Ukishuka, maji yatajionyesha yenyewe mahali yanapotokea.

Dalili za uvujaji wa ndani

Huenda mshale ukashuka na nje kusiwe na tone. Hapo maji yapita ndani. Zulia la mbele likiwa na unyevu, na kioo cha mbele kikipata ukungu wenye harufu tamu, hita imetoboka. Lakini kijiti cha kupimia mafuta kikitoka na mafuta ya rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yakizidi kutoka katika rejeta, au moshi mweupe wenye harufu tamu ukiendelea hata injini imekwisha kupata joto, basi gasketi ya hedi yafaa kushukiwa. Moshi mweupe wa dakika chache katika baridi ya Julai si dalili ya ugonjwa. Ni mvuke tu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi.

Mwisho wa shauri la mwalimu

Mwalimu wetu, kabla ya kuiuza motokaa, alimwendea fundi mzee wa Kangemi. Mzee hakutaja kitu cha kununua. Alisema tu, "Mwalimu, iache hapa ilale. Kesho tutaiuliza ikiwa baridi." Asubuhi akafunga pampu ya mkono, akasukuma, wakasubiri. Mshale ukashuka polepole. Mafuta yalikuwa safi, na zulia lilikuwa kavu. Mzee akafungua kifuniko cha mkanda wa injini, akamulika kwa tochi, akamwonyesha mwalimu mfereji mwembamba wa kutu chini ya tundu la pampu ya maji, mfano wa machozi yaliyokaukia shavuni. Injini ikiwa moto, maji yale yalikauka pale pale. Kwa hiyo hapana aliyeyaona.

Pampu ikabadilishwa, na mkanda wa injini pamoja nao, kwa sababu kazi ya kuifikia pampu hiyo ni ile ile ya kuufikia mkanda. Gharama ilikuwa sehemu ndogo ya ile aliyotajiwa kwanza. Juma lililofuata alikuwa Wangige na mayai yake. Rejeta aliyoinunua bure ingali imesimama ukutani nyumbani kwake.

Kutengeneza na kujaza maji

Mpira uliopasuka usifungwe kwa kamba wala kitambaa isipokuwa kwa kufika nyumbani. Hubadilishwa, na vibano vyake pia. Rejeta za shaba za motokaa za zamani, kama zile za siku za Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, huzibwa vizuri kwa lehemu na fundi wa rejeta. Rejeta za siku hizi, zenye aluminiamu na pembe za plastiki, hazikubali lehemu hiyo; plastiki ikipasuka, hubadilishwa.

Wako madereva watiao ute wa yai au unga wa kuziba ndani ya rejeta. Dawa hizi haziwezi kuchagua tundu. Huziba uvujaji na huziba pia vijia vyembamba vya rejeta na hita. Kadhalika, usikubali thamostati ing'olewe na kutupwa. Injini isiyofikia joto lake hula petroli nyingi na huchakaa upesi.

Unapojaza, changanya kulanti na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu, au kama kitabu cha motokaa kisemavyo. Hapa kwetu hatuogopi barafu, lakini kulanti huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Maji matupu ya kisima huleta magadi na kutu. Mimina polepole, fungua hita mpaka mwisho wa joto, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na uongeze maji hewa inapotoka, mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto. Kisha funga. Kesho yake, injini ikiwa baridi, tazama tena alama yako.

Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni. Nyingi zina sumu, tena ni tamu ulimini, na mbwa, mbuzi na hata mtoto mdogo waweza kuinywa. Itie katika chombo chenye kifuniko na uipeleke kwenye gereji inayopokea vitu kama hivyo.

Ikiwa joto limepanda njiani

Mshale wa joto ukipanda, zima kipoza hewa, fungua hita mpaka mwisho, na utoke barabarani mahali pa salama. Zima injini. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua. Ndipo ufunike kifuniko kwa kitambaa kinene, ukilegeze kidogo mpaka hatua ya kwanza, na mvuke ukiisha ukifungue. Usimimine maji baridi juu ya injini ya moto, maana chuma cha moto kikipozwa ghafula hupasuka. Kuendelea na safari "mpaka nyumbani tu" ndiko kunakopinda hedi za injini nyingi.

Twasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haba na haba pia hukimaliza. Anayeongeza maji kila asubuhi bila kuuliza yaendako, siku moja atakuwa mlimani na familia yake garini, na chupa yake haitamfaa. Karatasi ngumu ya sanduku, tochi, na kalamu ya kutia alama vinatosha kuanza. Anza navyo kesho asubuhi, injini ikiwa baridi.