Kompyuta za Kwanta Zaundwa kwa Vipande, Kama Mitambo ya Kidatu

Kituo cha kufua umeme cha Kidatu, mkoani Morogoro, kina uwezo wa kuzalisha megawati 204 kwa mashine nne, kila moja megawati 51. Mbili za mwanzo zilianza kazi mwaka 1975, nyingine mbili zikaongezwa mwaka 1980. Moja inaposimamishwa kwa matengenezo, nyingine huendelea kufua umeme. Kanuni hiyo ya kujenga kwa vipande vinavyojitegemea ndiyo inayofuatwa sasa katika kuunda kompyuta za kwanta.

Kompyuta ya kawaida huhifadhi taarifa kwa biti, ambayo huwa sifuri au moja. Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti, inayoweza kubeba hali zote mbili kwa pamoja hadi inapopimwa. Aina mojawapo hutengenezwa kwa sakiti za metali kama alumini, ambazo zikipozwa mno hupitisha umeme bila ukinzani. Hufanya kazi katika baridi inayokaribia nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri, isiyolinganishwa na ya alfajiri katika vilele vya Uluguru. Utafiti uliojenga msingi wa sakiti hizo uliwapatia John Clarke, Michel Devoret na John Martinis Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2025.

Kujaza kyubiti nyingi kwenye chipu moja kuna hatari: kasoro ndogo sehemu moja yaweza kuifanya chipu nzima isifae. Aidha, kila waya unaoingia kwenye jokofu huongeza joto. Hivyo basi, chipu ndogo hutengenezwa na kupimwa kwanza, kisha zilizo bora ndizo huunganishwa. Desemba 2023, kampuni ya IBM ya Marekani ilizindua mtambo wa aina hiyo, ulioanza na chipu tatu zenye kyubiti 133 kila moja.

Hata hivyo, kazi ngumu iko kwenye kiungo. Hali ya kyubiti ni dhaifu, na ikivurugika inapovuka kutoka chipu moja kwenda nyingine, hesabu huharibika. Kwa sababu hiyo, wingi wa kyubiti pekee si kipimo cha ubora.

Suala hili linamgusa pia mwananchi. Mwaka 1994, Peter Shor alionesha kuwa kompyuta kubwa ya kwanta ingeweza kuvunja usimbaji unaotumika sana kulinda mawasiliano ya intaneti, yakiwemo ya kibenki. Kompyuta yenye uwezo huo bado haijaundwa, lakini Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vitatu vya usimbaji wa kukabiliana nayo. Taarifa za afya na utambulisho, zinazopaswa kubaki siri kwa miaka mingi, zinahitaji maandalizi mapema. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023.

Kwa vijana wa vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, kujifunza teknolojia hii hakuhitaji kumiliki jokofu hilo. Tangu mwaka 2016, IBM imefungua baadhi ya kompyuta zake za kwanta kwa umma kupitia intaneti.