Mwanafunzi Aliyehama Shule Si Mamluki

Kila mwaka mashindano ya UMISSETA yanapokaribia, neno moja hurejea midomoni mwa walimu na viongozi wa michezo: mamluki. Zamani mamluki alikuwa askari wa kukodiwa, apiganaye upande wa mwenye kumlipa. Siku hizi ni kijana avalishwaye jezi ya shule asiyosoma ili kikombe kipatikane. Kumwondoa huyo ni haki, na safu hii haina neno la kumtetea. Tunalotaka kulisema ni la mwenziwe, ambaye hutazamwa kwa jicho lile lile ingawa hana hatia: mwanafunzi aliyehama shule kwa halali.

Tuchukue Ruanda, ile kata ya Wilaya ya Mbinga, si nchi jirani ya Rwanda ambako vijana wa sekondari wa Afrika Mashariki walishindana, mjini Huye, mwaka 2023. Tangu makaa ya mawe ya Ngaka yaanze kuchimbwa katika kijiji cha Ntunduwaro mwaka 2011, kata hiyo imekuwa mahali pa watu kuja na kuondoka. Dereva huja na watoto wake, fundi huja na wake. Kazi ikipungua, hufunga mizigo. Mtoto haulizwi shauri katika safari hizo. Kama ana mbio, au shabaha ya kufunga magoli ya netiboli, atakwenda nayo aendako kama anavyokwenda na madaftari yake.

Tena Serikali yenyewe ndiyo mhamishaji mkubwa kuliko wote. Kijana wa Mbinga afauluye kidato cha nne aweza kupangiwa kidato cha tano Tabora au Kagera, na hapana budi aende. Sasa wapo wanaopendekeza kwamba kila aliyehama angoje mwaka mmoja kabla ya kuchezea shule mpya. Hebu na tupige hesabu. Kidato cha tano huanza Julai. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei. Mashindano yakiwa Juni, kijana huyo anayo nafasi moja tu katika miaka yake miwili. Ukimwambia angoje mwaka, umemwambia asicheze kabisa. Mkono mmoja wa Serikali umempeleka, na mkono wa pili unamwadhibu kwa kwenda.

Kanuni ya kungoja si ngeni duniani. Huko Marekani, ambako Suleiman Nyambui wetu, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alikikimbilia Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilimlazimisha kwa miaka mingi mchezaji wa mpira wa kikapu aliyehama chuo akae mwaka mzima bila kushindana. Hoja ilikuwa kwamba atulie masomoni, na makocha wasinyang'anyane vijana. Lakini kocha aliyehamia penye mshahara mnono hakungoja hata siku moja! Mwaka 2021 wakaruhusu uhamisho wa mara moja bila kungoja. Mwaka 2024 wakaruhusu kuhama mara nyingi, mradi masomo yawe sawa. Sasa kilio ni kingine, kwamba vyuo vyenye fedha vinawazoa wachezaji wa vyuo vinyonge kila msimu. Wameruka majivu, wamekanyaga moto.

Sisi hatuna haja ya kuwafuata katika majivu wala katika moto. Swali la kuuliza si kama mtoto amehama, bali ni nani aliyemhamisha, na kwa ajili gani. Majibu yamo shuleni. Mamluki haonekani katika daftari la mahudhurio. Hana mtihani wa muhula aliofanya. Mwalimu wake wa hesabu hamjui kwa sura. Aliyehama kwa halali anavyo vyote hivyo, pamoja na barua ya uhamisho yenye tarehe. Na pale itakapobainika kwamba kijana alishawishiwa kwa kulipiwa ada au kuahidiwa viatu, mkubwa aliyemshawishi ndiye wa kufungiwa. Mtoto wa miaka 16 hakujiandikia barua ile.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Elimu ya sekondari si jambo la Muungano. Mtoto atokaye Mkoani kuja Songea anavuka bahari, na anavuka wizara mbili pia. Karatasi zake zikichelewa, asihesabiwe kuwa mdanganyifu. Baraza la Mitihani ni moja kwa pande zote mbili, na aliyekwisha fanya mtihani wa kidato cha nne ana namba inayoweza kuhakikiwa mara moja, awe ametoka Pemba au Mbamba Bay.

Kwa maofisa elimu na maofisa michezo ombi letu ni la wakati. Kanuni za uhamisho zibandikwe shuleni mwanzoni mwa mwaka, mzazi azisome kabla ya kuomba barua. Mwenye pingamizi alilete wilayani, na uamuzi utolewe huko huko kabla gari la wachezaji halijaondoka Mbinga, si kambini usiku wa kuamkia mchezo, binti akiwa amekwisha vaa jezi na wenzake wanamtazama.