Mwaka wa Jino la Bagamoyo

Sogeeni karibu, watoto. Leo sina Sungura wala Fisi. Nina babu mmoja mwenye goti bovu, bibi mmoja mwenye maneno mengi, ambaye ndiye mimi, na wajukuu waliokwenda nasi Bagamoyo kipupwe kilichopita. Majina yao sitawatajia, kwa sababu nyumbani kwetu hayatumiki sana. Yule wa kike aliyeingia kidato cha kwanza ni mke mwenzangu. Mdogo wake wa miaka saba ni mume wangu.

Mmecheka. Basi tuanzie hapo hapo.

Utani wa babu, bibi na wajukuu ni wa tangu na tangu. Babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba, na bibi humwita wa kiume mume. Mume wangu akija asubuhi huniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo bibi." Nami humwitikia, "Marahaba, mume wangu. Umeniletea nini leo?" Hujibu bila kupepesa macho, "Nimekuletea njaa." Jibu hilo angempa mama yake angekiona cha mtema kuni! Kwangu anapewa kitumbua.

Msidhani ni mchezo mtupu. Baba na mama kazi yao ni kulea, na malezi yana ukali wake. Sisi wazee zamu yetu ya ukali ilishapita. Utani humfungua mtoto kinywa, akamwambia mzee jambo ambalo mbele ya mzazi lingemkwama kooni. Mke mwenzangu alipofeli jaribio la hesabu darasa la sita, mimi nilijua siku tatu kabla ya mama yake. Tukakaa jikoni, tukapanga jinsi ya kulisema.

Mwaka ninaowasimulia, nyumba yetu ilijaa mambo. Januari, mke mwenzangu alifunga tranka lake akaenda shule ya bweni. Babu alisema macho yanamwasha kwa moshi, na siku hiyo tulikuwa hatujawasha jiko. Machi, dada yao mkubwa akajifungua mtoto wa kike. Hapo nikapanda cheo, maana mtoto wa mwanangu ni mjukuu, mtoto wa mjukuu ni kitukuu, na mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Hicho cha tatu bado sijakipata, lakini nafasi yake nimeiacha wazi.

Siku 40 mzazi na kichanga walikaa ndani. Mimi nikawa mpishi wa uji wa pilipili manga na mlinzi wa mlango, nikiwarudisha wageni wenye mafua. Arobaini ilipotimia tulimtoa mtoto nje akaona jua kwa mara ya kwanza. Alipiga chafya. Babu akasema kitukuu amemwamkia shikamoo, ingawa hakuna mwingine aliyeisikia.

Mwezi wa Mei watoto wetu wakaja na wazo. Wamekaa, wamehesabu, wameona ndoa yetu inakaribia miaka 50, kwa hiyo wanataka kutufanyia sherehe. Wakamuuliza Babu tulioana tarehe ngapi.

Babu akajibu, "Mwaka wa chama."

Mwaka waliupata, kwa kuwa walisoma historia. TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar ziliungana tarehe 5 Februari 1977 zikawa chama kimoja, CCM. Lakini siku? Babu akasema, "Ilikuwa siku ya mvua." Mimi nikaongeza kwamba nusu ya mchele wa harusi ulikuwa wa kuazima. Mwanangu wa kiume akatikisa kichwa, akaiweka kalamu chini.

Msitucheke. Sisi tulizaliwa wakati vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa adimu, na miaka tuliishika kwa matukio. Mimi nilizaliwa masika yaliyouangusha mwembe wa jirani, basi, mama yangu hakuwa na tarehe nyingine. Babu anakumbuka kwamba alianza shule mwaka wa uhuru, yaani 1961. Binti yetu mkubwa tulimpata 1979, mwaka majeshi yetu yalipoingia Kampala katika Vita vya Kagera. Mdogo wake alizaliwa Aprili 1984, mwezi aliofariki Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari, na ndiyo maana hadi leo nikiitaja furaha ya kumpata namkumbuka pia jirani aliyekuwa akilia mbele ya redio yake.

Wajukuu walipoanza kuja, matukio ya nchi yakapungua katika hesabu yetu. Ukiniuliza friji hii nimeinunua lini, nitakwambia ni mwaka mke mwenzangu alipoanza kutambaa. Tanki la maji? Mwaka alipolazwa kwa malaria. Ninyi watoto mnadhani mnakua tu. Kumbe kila mnapopiga hatua, kuna mzee mahali fulani anaibandika ukutani kama kalenda.

Basi, sherehe ikakosa tarehe. Watoto wakakata shauri kwamba badala ya kutukalisha kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, watatupeleka mahali likizo ya Juni. Babu aliulizwa anataka wapi. Hakusema Serengeti wala Dubai. Alisema Bagamoyo, kwa siku mbili.

Hapo ni karibu, kama kilomita 70 tu kaskazini ya Dar es Salaam. Lakini Babu alizaliwa Kaole, nje kidogo ya mji ule, mtoto wa mvuvi. Alitoka akiwa kijana kutafuta kazi bandarini Dar es Salaam, na tangu hapo kila aliporudi huko ilikuwa ni kwa msiba.

Tulikwenda kipupwe. Kipupwe ni ile miezi ya katikati ya mwaka, masika yakishaisha, pepo za kusi zinapovuma na hata watu wa Pwani tunatafuta shuka usiku. Kwenye kosta tulikuwa Babu, mimi, binti yetu, dada mkubwa na kichanga chake, mke mwenzangu na mume wangu, ambaye tangu tulipopita Bunju njiani alikuwa akilisukuma kwa ulimi jino lake la mbele la juu. Lilikuwa linaning'inia kwa uzi.

"Liache," mama yake akamwambia.

"Lisukume," Babu akamnong'oneza.

Tulifika saa nne asubuhi. Mume wangu alikimbia hadi ufukweni, akasimama, akarudi amekunja uso. "Babu, bahari haipo."

Kweli, maji yalikuwa yamepwa. Mchanga mweusi ulitandaa hadi mbali, na ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Babu alichuchumaa, goti likalia ko, akaanza somo. Bahari haiendi popote, alisema. Mwezi huyavuta maji, na jua nalo husaidia kidogo. Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, yaani kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa ndio unaandama, jua na mwezi huvuta pamoja. Maji hujaa sana na kupwa sana, na hayo wavuvi huyaita bamvua. Katikati ya nyakati hizo yapo maji mafu, yanayojaa kidogo na kupwa kidogo.

"Jana usiku mwezi ulikuwaje?" Babu akauliza.

"Duara."

"Basi hiyo ni bamvua. Chomeka kijiti pale ukingo wa maji ulipo. Kesho saa nne maji hayatakuwa yamefika hapo. Yatachelewa kama dakika 50."

Mume wangu akachomeka kijiti. Saa kumi jioni bahari ilikuwa imekwisha kurudi na kukifunika kabisa, na kesho yake saa nne alikuwa amesimama pale na saa ya mama yake mkononi. Maji yalikuwa bado yanashuka. Yalipofika chini kabisa ilikuwa inakaribia saa tano. Akamtazama Babu kama anavyomtazama mchawi wa televisheni. Shule Babu aliishia darasa la saba, lakini kile alichorithi kwa baba yake hakijapungua hata punje.

Jino lilitoka mchana wa siku ya kwanza, kwenye muhindi wa kuchoma. Aliuma, akanyamaza, akautazama muhindi. Jino lilikuwa limesimama pale kati ya punje, dogo kuliko zote. Nikamwambia asiogope, meno ya utotoni ni 20 na yote yatang'oka kwa zamu, halafu ukubwani atakuwa nayo 32, kama Mungu akimjalia asipende sana peremende. Kwetu jino la utotoni hurushwa juu ya paa ili jipya liote. Nikamwonyesha paa la nyumba ya wageni.

Akakataa. "Hili ni la makuti. Na si letu. Jino jipya likija huku litanikosa."

Hoja ilikuwa nzito. Tukaomba kiberiti kwa mwenye nyumba, tukamwaga njiti, tukaliweka jino ndani ya kiboksi.

Siku ya pili tulikwenda Kaole kuona magofu. Yapo mabaki ya misikiti miwili na makaburi, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kazi ya mwanzo kabisa pale ni ya karne ya 13. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, na kwenye nguzo hizo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Mke mwenzangu akasimama hapo kwa muda mrefu. Kitabu chake cha historia kilimwambia kwamba Waswahili walifanya biashara na China, lakini kitabu hakikumwonyesha tundu lenyewe la bakuli kwenye nguzo.

"Hapa nilikuwa nachunga mbuzi," Babu akasema. "Na kwenye mbuyu ule nilijificha siku niliyovunja kasia la baba."

Njia ya kwenda mbuyuni si ndefu, ila ina mizizi. Babu alipiga hatua tatu akasimama. Hakuomba msaada, Babu haombi. Mke mwenzangu akarudi nyuma, akasogeza bega lake bila kusema neno, akawa anamweleza habari za mwalimu wao wa fizikia. Babu akaweka mkono pale begani kana kwamba anasikiliza tu hadithi. Miaka 12 iliyopita yeye ndiye aliyembeba msichana huyo mgongoni kumpeleka kliniki. Najua mnangoja niseme kwamba maisha ni kama maji kujaa na kupwa. Sisemi. Niliwatazama tu hadi wakafika.

Usiku tulitandika mkeka barazani, chini ya mwezi ule mpevu. Tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga tuliyemnunua mnadani. Mimi, binti yangu, binti wa binti yangu na binti yake, vizazi vinne kwenye mkeka mmoja, na wa mwisho akiwa ndiye mwenye sauti kuliko wote. Mke mwenzangu akauliza jina la Bagamoyo lilitoka wapi. Babu akasema wazee husimulia mawili. Wapo wanaosema wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000, walipoona bahari walibwaga mizigo, na moyo nao ukatua. Wapo wanaosema ni maneno ya waliofungwa minyororo ya utumwa, waliojua kwamba wakipandishwa jahazini hawatarudi, basi wakaubwaga moyo wao hapa ubaki katika nchi yao. Tukanyamaza kidogo. Hata kichanga alinyamaza.

"Na wewe Babu ulibwaga nini?" mume wangu akauliza.

Babu akafikiri. "Mimi niliacha kasia. Leo nimekuja kuomba radhi."

Kesho yake tukapanda kosta tukarudi. Mume wangu alilirusha jino kwenye bati letu jioni hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wote.

Mkimaliza kunisikiliza, nendeni mkawaulize bibi na babu zenu, "Nilipozaliwa kulikuwa na nini?" Msitake tarehe, tarehe ipo kwenye cheti. Ulizeni mvua, ulizeni bei ya unga, ulizeni nani alikuja mbio na nani alichelewa. Kama hamkai nao nyumba moja, pigeni simu. Watajifanya wana kazi nyingi. Msikate.

Mwezi wa Agosti paa likaanza kuvuja, nikamwita fundi. Alipanda, akagonga gonga, akaita kutoka juu, "Bibi, bati hili liliezekwa lini?" Nikaanza kutafuta: ni kabla ya tanki, ni baada ya friji... Kabla sijapata, fundi akachungulia tena, ameshika kitu kidogo cheupe. "Na hiki kijino cha nani? Kilinaswa kwenye msumari."

Mume wangu alitoka ndani mbio. Kwenye pengo lake la mbele jino jipya lilikuwa limeshachungulia, lina makali kama msumeno.

"Rudisha hapo hapo!" akapaza sauti. "Hilo ni la mwaka wa Bagamoyo!"

Fundi akanitazama. Nikamwambia, "Rudisha, baba. Ndiyo kalenda yetu hiyo."