Bunge la msituni: Jinsi Mau Mau walivyojaribu kuliweka jeshi chini ya sheria

USIKU wa Machi 26, 1953, kikosi cha wapiganaji wa Mau Mau kilikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kikawafungulia mahabusu zaidi ya 170 na kutoweka na bunduki 47, zikiwemo 18 za rashasha. Serikali ya kikoloni ilishtuka. Hata hivyo, ushindi huo pia uliibua swali ambalo wapiganaji wangelijadili kwa miaka miwili iliyofuata: bunduki zilizotekwa ni mali ya kikosi kilichoziteka, au ni mali ya harakati nzima? Na nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Jibu lililotafutwa katika msitu wa Nyandarua lilikuwa kuunda bunge.

Bonde la Ufa lilikuwa na sababu zake za kuingia vitani. Katika mashamba ya walowezi kuanzia Naivasha hadi Nakuru na Molo, maelfu ya familia za Wakikuyu ziliishi kama maskwota, zikifanya kazi kwa ujira mdogo na kupunguziwa mifugo na mashamba kila uchao. Huko Olenguruone, ambako serikali ilikuwa imewapa makao baadhi ya maskwota mwaka 1941, wakazi walikataa masharti ya ukulima waliyowekewa, wakala kiapo cha umoja, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa kwa nguvu katika mashamba ya Bonde la Ufa.

Vijana wengi walipita Kinangop na kuingia msituni. Tofauti na wenzao wa Nyeri au Murang'a, wengi wao hawakuwa na kijiji cha karibu cha kuwapelekea chakula wala wazee wa kuwaamulia ugomvi. Kila kikosi kilimfuata kiongozi wake, na kiongozi akawa ndiye sheria.

Baraza la Mwathe

Hatua ya kwanza ya kurekebisha hali hiyo ilichukuliwa Agosti 1953, viongozi walipokutana mahali paitwapo Mwathe, ndani ya Nyandarua. Hapo liliundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, Dedan Kimathi akiwa rais wake. Kimathi hakuwa mgeni katika eneo hili, kwani kabla ya vita alikuwa katibu wa chama cha KAU huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo ni Nyahururu.

Mkutano uligawanya nguvu zote katika majeshi manane. Wapiganaji wa Nyeri waliitwa Ituma Ndemi, wa Murang'a Gikuyu Iregi, wa Kiambu Kenya Inoro, na wa Mlima Kenya Mei Mathathi. Wale wa Bonde la Ufa walipewa jina la Mburu Ngebo. Vyeo vilitolewa, na viongozi wakaagizwa kutunza daftari za wapiganaji wao na kumbukumbu za mapigano.

Hata hivyo, Baraza hilo lilikuwa na kasoro moja kubwa. Wajumbe wake walikuwa makamanda waliorudi kila mmoja kwa kikosi chake. Waliposhindwa kukutana, maamuzi yalibaki kwenye karatasi. Aidha, kamanda aliyekuja mkutanoni alizungumza kwa niaba ya watu wake kabla ya kuizungumzia nchi.

Kutoka baraza hadi bunge

Ndiyo sababu, mnamo Februari 1954, liliundwa Bunge la Kenya, lenye wajumbe 12, huku Kimathi akichaguliwa kuwa Waziri Mkuu. Karari Njama, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia msituni, alikuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa harakati hizo. Ndiye aliyekuja kuzisimulia kwa kina katika kitabu alichoandika pamoja na Donald Barnett, kilichochapishwa mwaka 1966.

Wazo lao lilikuwa kwamba mjumbe wa Bunge aache kuwa msemaji wa wilaya yake na badala yake awe mtumishi wa nchi nzima, na kwamba majenerali wawe chini ya chombo cha kisiasa. Maagizo yalipelekwa kwa barua zilizobebwa na matarishi kutoka kambi hadi kambi.

Tatizo hili halikuwa la Kenya pekee. Wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, bunge la makoloni liliunda bodi ya vita mwaka 1776, nalo likasumbuka sana na vyeo, chakula na malipo ya askari. Tofauti ni kwamba Bunge la Nyandarua halikuwa na mji hata mmoja wa kukutania, wala hazina, wala mshirika wa ng'ambo.

Wakati nao haukuwa upande wake. Aprili 24, 1954, jeshi la Uingereza lilianza msako mkubwa jijini Nairobi uliokata njia za fedha, dawa na risasi. Vikosi viligawanyika vikawa vidogo zaidi, na tarishi aliyeweza kufika kambini akawa adimu.

Mgawanyiko

Pigo kubwa lilitoka ndani. Stanley Mathenge, kiongozi wa Ituma Ndemi aliyeheshimika sana, hakulikubali Bunge. Yeye na Kahiu-Itina waliunda kundi lililoitwa Kenya Riigi, neno la Kikuyu lenye maana ya mlango. Lalamiko lao lilikuwa zito: waliosoma walikuwa wameyateka mamlaka kwa kalamu, ilhali wengi waliopigana hawakujua kusoma barua walizoandikiwa.

Baring alipotangaza masharti ya kujisalimisha Januari 1955, upande wa Riigi ulianza mazungumzo na serikali. Bunge lilishikilia kwamba hakuna kamanda mwenye haki ya kufanya amani bila idhini yake, likaagiza viongozi wa Riigi wakamatwe. Walitoroka, na tangu hapo hapakuwa tena na chombo kilichotiiwa na msitu mzima. Njama alikamatwa Juni mwaka huo. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956, na kunyongwa Februari 18, 1957.

Ni rahisi kulihukumu Bunge hilo kwa kushindwa kwake. Lakini pande zote mbili zilikuwa na hoja. Bunge lilijua kwamba jeshi lisilo na wa kuliamrisha hugeuka kuwa makundi ya wababe. Riigi nao walijua kwamba sheria isiyosomeka na wanaotakiwa kuitii huonekana kwao kuwa amri ya wachache.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 239, inaviweka vyombo vya usalama vya taifa chini ya mamlaka ya kiraia. Mabishano kuhusu nani amwamrishe mwenye bunduki yalikuwa yameanza zaidi ya nusu karne kabla yake, miongoni mwa watu waliofukuzwa mashambani na waliokuwa wakiandika daftari zao chini ya miti.