Juma Moja la Kuwazuru Jamaa, Mbeya na Iringa

Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tukitajiwa kuunga udugu hudhani ni kupeleka salamu kwa simu siku ya Idi, basi yamekwisha. Nami nalikuwa mmoja wao. Lakini likizo ya Juni iliyopita, shule zilipofungwa, mke wangu aliniambia, "Watoto hawa wana jamaa pande mbili, nao hawawajui hata kwa sura." Tukatoa juma zima, sisi na watoto wetu wawili, mkubwa wa miaka 7 na mdogo angali akibebwa mgongoni. Mke wangu akaandika majina ya wale wa kuzuriwa. Jina la mwisho lilikuwa la mjomba wangu wa Tukuyu. Nililiona, nikanyamaza.

Jumamosi tulikwenda kwa shangazi yangu, Mwanjelwa, papa hapa mjini Mbeya. Alitupa chai ya tangawizi na maandazi, kisha akatupa yetu: "Mwezi wa Ramadhani nauona mara nyingi kuliko ninavyowaona ninyi!" Hatukuwa na la kujibu. Jumapili ilikwisha kwa majirani na kufunga mizigo.

Jumatatu alfajiri, kwa baridi ile ya Juni inayouma vidole, tulipanda basi kwenda Iringa kwa wakwe zangu, na mchele wa Kyela kwa zawadi. Safari hiyo yazidi kilomita 300, kwa njia ya Chimala, Makambako na Mafinga, nayo hapana shaka ni safari ya kupunguza sala, maana maulamaa wa Kishafii huukadiria mwendo huo kuwa ni kilomita 80 na kidogo. Tulipoteremka Iringa tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili. Mkubwa akauliza mbona sala imekuwa fupi. Mamaye akamwambia kuwa Mwenyezi Mungu amemhurumia msafiri.

Tulikuwa tumekusudia kulala kwa wakwe siku tatu, wala tusizidishe. Mtume (s.a.w.) ameiweka karamu ya mgeni kuwa siku tatu, akakataza mgeni kukaa hata amtie mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu wa Kiswahili ni wakali zaidi, maana siku ya tatu wao humpa mgeni jembe!

Jumanne tulizungushwa kwa mashemeji na mawifi, nyumba tano kwa siku moja, na kila nyumba sahani ya wali. Hayo sina haja ya kuyaeleza, kila mwenye wakwe anayajua.

Jumatano baba mkwe alitupeleka Kalenga, nje kidogo ya mji. Hapo palikuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, ambayo Wajerumani waliiteka mwaka 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwapiga vibaya huko Lugalo. Mkwawa aliendelea kupigana kwa kujificha hata mwaka 1898, akajiua ili asishikwe, nao wakakikata kichwa chake. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 iliandikwa kwamba Ujerumani ikirudishe kichwa hicho, lakini hakikurudi. Hata ilipofika Juni 1954 ndipo Gavana Twining alipomkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi, mjukuu wake Mkwawa, nalo limewekwa katika nyumba ya makumbusho papo hapo Kalenga.

Baba mkwe alisimama mbele ya kile kisanduku cha kioo, akasema kwa sauti ndogo, "Miaka 56 watu hawa walikaa, mzee wao hana kaburi lililotimia." Mtoto alikwisha choka, alitaka kwenda nje. Mimi nilibaki nimesimama.

Yapasa nieleze kwa nini. Mama yangu alizaliwa Rungwe katika nyumba ya Wakristo, akasilimu alipoolewa na baba. Alifariki miaka sita iliyopita, asubuhi, mjini Mbeya. Tulimwosha, tukamkafini, tukamzika kabla ya jua kutua, kwani sunna ni kuharakisha. Mjomba, kaka yake, alipata habari usiku. Alifika siku ya pili, akaambiwa dadake amekwisha zikwa, akageukia mlangoni, asitake hata kuonyeshwa kaburi. Sisi tukasema, ameichukia dini yetu. Hatukumwendea tena.

Alhamisi, ndani ya basi la kurudi, nilimwambia mke wangu hayo yaliyonikaa moyoni. Kuharakisha maziko hatukukosa. Lakini Tukuyu ni kama kilomita 70 tu, na habari iliyotoka asubuhi ingemfikisha kabla ya Alasiri. Tulipeleka jioni. Mke wangu akanikumbusha habari ya Asmaa binti Abubakar, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mamaye alikuja kumzuru, naye angali mshirikina. Akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwunge, naye akamwamrisha amwunge. Mke wangu akasema, "Sasa wewe, mjomba wako hata hakukuudhi."

Jumamosi tukaenda. Njiani Ziwa Ngozi tuliliacha, maana kupanda kule kwa miguu hakufai na mtoto mchanga. Mjomba tulimkuta mbele ya nyumba, katikati ya migomba.

"Ughonile, mjomba," nilimwamkia.

Aliitikia, akatupa viti, akanyamaza. Nikamwambia, "Mjomba, nimekuja kukutaka radhi. Habari ile tulikuletea imechelewa, na kosa ni letu."

Alikaa kitambo. Kisha akasema, "Sikuchukia kuwa mlimzika kwa dini yake. Alikuwa nayo miaka zaidi ya thelathini, naijua. Nilichukia kuwa wa mwisho kuambiwa, mimi niliyembeba mgongoni."

Sikuwa na neno. Mke wangu ndiye aliyemwekea mdogo wetu mapajani.

Halafu mjomba akaita mjukuu wake, akaleta jogoo mzima na kisu. "Chinja mwenyewe," akaniambia. "Mama yako alipokuwa akija, nilikuwa nikimwita jirani Mwislamu amchinjie."

Tulikula ndizi na jogoo yule. Tulipoaga, alisema kesho ana ibada kanisani, lakini Jumatatu atashuka Mbeya, nimpeleke makaburini. Alikuja kwa basi la asubuhi, na mkungu wa ndizi begani.