Unataka kidimbwi cha kuogelea nyumbani? Piga hesabu hizi kabla ya kuita fundi

UMEZIONA hizo video. Kijana wa rika lako ameketi kando ya maji ya samawati, juisi mkononi, nyuma yake nyumba ya orofa moja huko Ruiru au Kitengela. Kisha unatazama uwanja wa nyumba yenu, pale mama anapoanika nguo, na unajiambia: hata hapa panatosha, kwani kuna nini?

Huenda umeanza kushika pesa na wewe na ndugu zako mnataka kuwapa wazazi kitu cha kujivunia. Huenda unaona biashara: wageni wa wikendi, sherehe za kuzaliwa, wapiga picha. Wazo si baya. Ila kuongeza kidimbwi kwa nyumba ambayo tayari imesimama si sawa na kujenga vyote kwa pamoja. Nyumba ina msingi wake, mabomba yake, shimo lake la maji taka na watu wanaoishi humo. Ukikosea, si pesa tu zinazoenda na maji.

Basi kaa chini na simu yako, fungua kikokotoo, twende pole pole.

Ploti yenu inatosha kweli?

Tuchukue kidimbwi cha kawaida cha familia: urefu mita 8, upana mita 4. Hiyo ni mita 32 mraba. Lakini huwezi kukibana ukutani. Unahitaji angalau mita moja ya kupita kila upande, kwa hivyo sasa uko kwenye mita 10 kwa 6, yaani mita 60 mraba. Bado hujaweka kijumba cha pampu.

Ploti ya futi 40 kwa 80, ambayo ndiyo wengi wetu tunaijua, ina karibu mita 297 mraba. Kidimbwi chako kimekula moja ya tano. Toa nyumba, maegesho ya gari, tangi la maji na shimo la maji taka. Umebaki na nini?

Hapo kwa shimo la maji taka usipite mbio. Mitaa mingi ya pembezoni mwa Nairobi haijaunganishwa na mabomba ya majitaka, na mara nyingi shimo hilo liko nyuma ya nyumba, palepale unapotaka kuchimba. Muulize mzee liko wapi hasa na mabomba yake yanapita wapi. Mkikosa mchoro wa nyumba, mtafuteni aliyejenga.

Halafu kuna msingi wa nyumba. Kadiri shimo linavyokwenda chini kuliko msingi, ndivyo linavyopaswa kukaa mbali nao. Ukichimba mita mbili karibu na ukuta, unaondoa udongo uliokuwa ukiubeba. Nyufa hazitatokea siku hiyo. Zitakuja mvua ikinyesha, wakati fundi ameshalipwa na simu yake haishiki.

Na usiwaze paa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Kidimbwi tulichopima, kikiwa na kina cha wastani cha mita 1.4, kinabeba karibu tani 45. Paa la nyumba ya kawaida halikupigiwa hesabu ya mzigo huo.

Udongo nao una maneno yake

Kama mko Syokimau, Kitengela au Athi River, unaujua ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Mafundi huuita blaki kotoni. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Zege lililokaa juu yake husukumwa na kuvutwa msimu baada ya msimu hadi lipasuke, na kidimbwi chenye ufa ni kazi ya kununua maji kila wiki. Dawa yake ni kuondoa udongo huo, kujaza mawe na moramu iliyoshindiliwa, na kusuka chuma kulingana na hesabu za mhandisi. Hiyo ni bei tofauti kabisa na ya jamaa wa Kiambu aliye kwenye udongo mwekundu. Kwa hivyo usikubali bei ya kidimbwi inayotajwa kwa simu na mtu ambaye hajakanyaga ploti yenu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, kidimbwi kitupu kinaweza kuinuliwa kutoka chini kama mtumbwi. Ndiyo maana hakimwagwi maji ovyo kwa sababu ya usafi, hasa wakati wa masika. Muulize mhandisi ameweka nini chini cha kupunguza msukumo huo. Akibabaika, tafuta mwingine.

Mitungi 2,240

Sasa maji. Mita 8 mara 4 mara 1.4 ni mita 44.8 za ujazo, yaani lita 44,800. Kwa lugha ya mtaa, hiyo ni mitungi 2,240 ya lita 20. Ukiagiza lori la lita 10,000, litakuja mara tano, safari ya mwisho likiwa nusu. Zidisha na bei ya kwenu.

Kujaza ni mara moja, lakini jua halilali. Kila milimita moja ya maji inayokauka kwenye kidimbwi hiki ni lita 32. Milimita 4 kwa siku, jambo la kawaida kukiwa na jua na upepo, ni lita 128. Kwa mwezi ni lita 3,840. Ongeza mamia ya lita yanayotoka kila unaposafisha kichujio. Turubai la kufunika kidimbwi usiku hupunguza hasara hiyo sana, na ni kati ya vitu vya bei nafuu utakavyonunua.

Nairobi imezoea mgao wa maji. Kama mferejini kwenu maji huja siku mbili kwa wiki, ukijaza kidimbwi kwa bomba la kaunti jirani zako watahisi, na watakuwa na haki ya kulalamika. Ukifikiria kuchimba kisima kirefu, jua kwamba kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kwamba visima vingi vya Kitengela na Athi River hutoa maji ya chumvi. Maji hayo huacha utando mweupe kwenye vigae na kuziba vifaa. Yapime kwanza.

Karatasi kabla ya sururu

Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka wa 2019 inataka upate idhini ya kaunti kabla ya kuanza mjengo, na kuongeza kidimbwi si kupanda maua. Michoro iandaliwe na wataalamu waliosajiliwa, na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kama mnaishi kwenye mtaa wenye chama cha wakazi, someni kanuni zake. Kama nyumba ni ya kupanga, usichimbe hata futi moja bila barua ya mwenye nyumba. Neno la mdomo halitakusaidia siku mtakayokosana.

Mkishamaliza zege, lipeni muda. Kwa kawaida saruji hupimwa nguvu yake baada ya siku 28. Fundi anayetaka kuweka vigae na kujaza maji wiki ijayo ana haraka ya kulipwa.

Kila mwezi, bila kukosa

Zege, vigae, pampu na kichujio vitakula mamilioni au karibu na hapo, na hiyo ni sehemu ambayo kila mtu anaijadili. Ambayo hawaijadili ni stima. Pampu ya nguvu farasi moja ikifanya kazi saa 8 kwa siku hula takriban uniti 6 hadi 8. Kwa mwezi ni karibu uniti 200. Angalia tokeni zenu za mwezi uliopita, kisha ulinganishe.

Kuna dawa pia. Klorini hukaa kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kipimo cha pH kati ya 7.2 na 7.8. Klorini ikipungua, maji hugeuka kijani na mbu wanapata makazi. Usiwahi kuchanganya klorini na asidi; hutoa gesi ya sumu. Na dawa ndiyo huwekwa ndani ya maji, si maji kumwagwa juu ya dawa.

Ukishuku kinavuja, usiite fundi kwanza. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya kidimbwi, maji ya ndani yalingane na ya nje, piga alama pande zote mbili, zima pampu na usubiri saa 24. Ya kidimbwi yakishuka kuliko ya ndoo, kuna tundu mahali.

Ua kwanza, maji baadaye

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji kote duniani mwaka wa 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama hapigi mayowe kama kwenye filamu. Huenda chini kimya kimya, na dakika chache zinatosha. Mama yuko jikoni, dada wa kazi anafungua lango, wewe uko kwa simu. Kila mtu anadhani mtoto yuko na mwenzake.

Ua uwe wa pande zote nne, pamoja na upande wa nyumba, kwa sababu mtoto wenu atatokea mlango wa jikoni, si barabarani. Urefu usipungue mita 1.2, usiwe na vyuma vya kulala vya kupandia, na lango lijifunge lenyewe, komeo likae juu asipofikia. Msiache viti karibu na ua. Mkimaliza kuogelea, toeni mipira na vinyago vyote majini, maana hivyo ndivyo vinavyomwita mtoto arudi. Angalieni pia vifuniko vya matundu ya chini. Mvuto wa pampu unaweza kumnasa mtu, na Marekani ilitunga sheria kuhusu vifuniko hivyo mwaka wa 2007 baada ya msichana wa miaka saba kufa.

Weka bajeti ya ua katika bei ya ujenzi, si "tutaongeza tukipata." Fundi akikuambia pesa za ua zimeisha, basi pesa za maji pia zimeisha.

Na kama wageni watakuwa wakilipa, mambo yanazidi. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye majengo, Sura ya 34, inakutaka uwalinde wanaoingia kwako, na inakukumbusha kuwa watoto si waangalifu kama watu wazima. Bango la "ogelea kwa hiari yako" halikuondolei mzigo huo. Ongea na afisa wa afya wa kaunti na kampuni ya bima kabla ya kutangaza mtandaoni. Pia awepo mtu mmoja, ambaye hajalewa, anayejua kuogelea na kumpa mtu huduma ya kwanza.

Hesabu zikikataa

Si lazima iwe kubwa. Kidimbwi cha mita 3 kwa 2, kina cha mita 1.2, kina lita 7,200 tu. Hilo ni lori moja, na bado unapoa vizuri jua la Februari. Ua na kifuniko unahitaji vilevile.

Au fanya hivi: hesabu ni mara ngapi kwa mwaka familia yenu itaogelea kweli, kisha ulinganishe na ada ya kuingia kwenye kidimbwi cha hoteli au klabu iliyo karibu. Wengi wakifika hapo huamua kuwalipia wadogo zao masomo ya kuogelea kwanza. Kidimbwi kinaweza kungoja mwaka mmoja au miwili, na kikifika, kitakuta watu wanaojua kuogelea.

Jumapili hii, baada ya chakula, weka hesabu hizi mezani mbele ya wazazi. Wao ndio watakaoishi na pampu, bili na lango hilo siku ambazo wewe uko kazini.